Gari la Viti Viwili

Mume wangu husema gari lile nililinunua kwa wazimu. Husema hivyo mbele ya wageni, akicheka, huku akinipokonya sahani ya karanga. Mimi namwacha. Kama wazimu ndio ule, basi Mungu atuongezee.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sisi watu wa West Nile tulikuwa tumesharudi kutoka ukimbizini, Zaire na Sudan, na mabati mapya yalikuwa yakimetameta kila upande. Nilikuwa na kibanda cha vitenge katika soko la Arua. Nilikuwa pia na pikapu, na taabu yangu ilianzia hapo. Mtu mwenye pikapu Arua hana Jumapili. Nikienda mpakani kuchukua vitenge, nabebeshwa mkaa. Nikirudi, nabebeshwa mihogo, mabati, bi harusi, mgonjwa, na mara moja beberu aliyetafuna ncha ya kilemba changu kupitia dirisha la nyuma. "Dada, unapita Koboko? Iko nafasi kidogo?" Iko, iko. Nafasi haikuisha kamwe. Ilikuwa pikapu ya watu wote, na mimi nilikuwa dereva wao asiyelipwa.

Basi nikaamua: nataka gari la pili. La kwangu mwenyewe. Dogo, la bei ninayoiweza, la milango miwili, lililokaa chini chini, lenye mngurumo mtamu, na lisilo na nafasi ya mbuzi wa mtu. Na liwe la kusukuma nyuma, yaani injini izungushe magurudumu ya nyuma.

Hilo la kusukuma nyuma lilitoka kwa baba. Baba alikuwa dereva wa jeshi, na alinifundisha kuendesha katika uwanja wa mpira wa Koboko, nikiwa msichana ambaye mguu wake haujafikia klachi vizuri. Kabla ya yote alinieleza magari yanavyokwenda. "Gari ya kuvuta mbele," alisema, "inakukokota tu, kama mutu anavuta mbuzi kwenda sokoni. Gari ya kusukuma nyuma iko inakusindikiza. Wewe onyesha njia, yeye atasukuma." Kisha akakata usukani, akakanyaga mafuta, na mkia wa gari ukafagia vumbi la nusu uwanja. Mgongo wangu ulizama kwenye kiti, nikapiga ukelele wa furaha mpaka askari wa kambini wakatoka kuangalia ni nani anachinjwa. Sijaisahau siku ile.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ni mtu wa baiskeli. Mpole, mcheshi, na hakutaka kabisa kujua gari linasukumwa kutoka wapi. "Mama Watoto," aliniambia, "jiko hatuna, na wewe unataka gari la pili?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Inabidi nieleze habari ya jiko, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikinila roho. Tulikuwa tumejenga nyumba mtaa wa Oli, hapo hapo Arua, ya matofali, vyumba vitatu na jiko zuri la ndani. Lakini kwetu jiko la nyumba mpya halianzwi ovyo. Mama wa mwenye nyumba ndiye anayewasha moto wa kwanza na kupika chungu cha kwanza. Ukipika humo kabla yake, ni kama umetangaza kwamba hayupo duniani. Mama mkwe wangu alifariki ukimbizini, Mungu amrehemu, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia mama yangu mimi. Na mama yangu alikuwa Lurujo, nje ya Koboko, kwenye shamba lake la mihogo, na hakuwa akipanda gari.

Hakuwa amepanda gari la aina yoyote tangu mwaka wa sabini na tisa. Mwaka ule, vita vilipotukaribia, baba alitupakia kwenye lori pamoja na majirani, magodoro, masufuria, mbuzi, na kila kilichoweza kuinuliwa, akatuvusha mpaka upande wa Zaire. Tukashuka salama. Kisha akaligeuza lori kurudi kuchukua vitu vilivyobaki. Hatukumwona tena, yeye wala lori. Kuanzia hapo mama akawa mtu wa miguu. Ukimbizini aliishi kwa miguu, na alirudi nyumbani kwa miguu, sisi tukiwa juu ya lori tukimpita barabarani na kumlilia apande. Lakini Arua ni mbali mno kwa mwanamke mzee mwenye goti bovu. Kwa hiyo yeye haji, na mimi napika barazani, mvua ikinyesha tunakula mchuzi uliochanganyika na maji ya paa, na jiko langu limekaa ndani, safi kama msikiti. Niliona mama atakufa bila kukanyaga nyumba yangu.

Si kwamba sikujaribu. Kila nilipokwenda Lurujo niliegesha pikapu mbele ya mlango wake na kuinadi kama dalali wa mnadani. Mama alitoka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaizunguka polepole, akauliza swali ambalo aliuliza juu ya kila gari lililopita karibu naye: "Hii inabeba nini?"

"Kila kitu, Mama!" nilijibu kwa majigambo. Kwetu gari husifiwa kwa mzigo wake, hata mtoto anajua. "Magunia, kitanda, kabati, ng'ombe ukitaka. Nyumba yako nzima itaingia humu na nafasi ibaki!"

"Ahaa," alisema mama. "Iko na nguvu." Kisha akarudi ndani kunichemshia chai, na habari ya safari ikaishia hapo. Nilidhani anaogopa mwendo. Mwaka mmoja nikamletea mto laini wa kukalia, ili asirushwerushwe na mashimo. Akaushukuru sana ule mto, akamlaza paka juu yake.

Haya, turudi kwenye gari. La kwanza nililoliona lilikuwa juu Arua Hill, kwa karani mmoja wa serikali aliyekuwa anahamishwa. Dogo, jeupe, milango minne, halili mafuta. Nikalishusha mlimani, nikalipandisha. Lilikuwa na adabu jamani! Nililitia kwenye kona kwa kasi, likakata kona, basi. Hapakuwa na mazungumzo yoyote kati yetu. Lilikuwa la kuvuta mbele.

"Vipi, limekupendeza?" karani akaniuliza.

"Ni gari zuri sana," nikasema. "Mtafute mchungaji wa kanisa, litamfaa yeye."

La pili lilisukuma nyuma kweli, lakini lilikuwa refu kama ukumbi. Nililijaribu kutoka sokoni, na kabla sijafika kona ya kwanza wanawake watatu walikuwa wameshakaa nyuma na vikapu vyao, wakiniuliza naelekea wapi. Nikawafikisha makwao, nikamrudishia mwenyewe funguo. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Na hilo la tatu," akasema, "hao wanawake watakupakata."

La tatu lilikuwa Koboko. Mteja wangu mmoja wa vitenge ndiye aliyeniambia: kuna mzee wa tumbaku ana gari la ajabu, viti viwili tu, anataka kuliuza kwa sababu amenenepa. Tukaenda na mume wangu kwa pikapu siku ya Jumamosi, baada ya mvua kubwa. Mzee alitupokea vizuri, akatupa viti, akatupa chai, akauliza habari za kila mtu aliye hai katika ukoo wetu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya moto. Mwishowe akatupeleka nyuma ya nyumba, akavuta turubai.

Jamani. Lilikuwa na rangi ya embe bivu. Boneti ndefu, mkia mfupi, milango mipana, na limekaa chini hata kuku aliyesimama kando yake alionekana ni ndege wa maana. Moyo wangu ulipiga, wallahi, kama siku ya kuposwa.

"Hii gari ilikaa humo miaka yote ya vita," mzee akasema, akionyesha banda la kukaushia tumbaku. Siku ya kukimbia alilitazama gari lake, akamtazama mkewe, akawatazama watoto wake saba na mizigo yao. "Nikaona haiwezi kusaidia mutu. Hapana. Nikaiingiza kwa banda, nikajenga ukuta wa udongo mahali ya mlango, nikapakia vitu kwa baiskeli, tukaenda Sudan." Waliporudi, kila kitu chao kilikuwa kimechukuliwa, mpaka fremu za madirisha. Lakini mtu gani anavunja banda bovu la tumbaku lisilo na mlango? Akabomoa ukuta, akalikuta gari lipo, limekalia rimu, panya wamekula kiti kimoja. Fundi akalihangaikia mwaka mzima likafufuka. Kiti kile kilishonwa upya kwa gunia, na gari zima lilinuka tumbaku.

"Sasa kwa nini unaliuza, mzee?" mume wangu akauliza, akitumaini kusikia ugonjwa.

"Kuingia ninaweza," mzee akasema. "Kutoka, lazima wajukuu wawili wanivute."

Tukakubaliana nikalijaribu mpaka Lurujo na kurudi, na pikapu yangu ibaki kwake kama rehani. Mume wangu akaingia upande wa gunia, akainua miguu yake yote miwili juu ya kiti kwa sababu alikuwa amesikia neno panya, na penye panya, akasema, nyoka yuko nyuma. Alisafiri hivyo hivyo, amejikunja.

Nikawasha. Ule mngurumo! Barabara ya Lurujo ilikuwa utelezi mtupu, udongo wa murram mwekundu uliolowa. Penye kona ya kwanza nikakanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, na mkia ukatoka nje ukitaka kutupita. Nikaurudisha kwa usukani. Ukatoka upande wa pili. Nikaurudisha. Mikono yangu ilikumbuka uwanja wa mpira kabla ya kichwa changu kukumbuka. "Subhanallah!" mume wangu akapiga kelele. "Mama Watoto, sisi tuna watoto!" Nami nilikuwa nikicheka, machozi yananitoka, sijui ya nini.

Mwanamke mmoja mwenye beseni la mihogo alitusimamisha. Nikasimama, maana mtu hampiti mwenzake. Akainama dirishani, akachungulia nyuma ya viti, hamna kitu. Akaenda akafungua buti, mna tairi la akiba na basi. Akarudi ameshika kiuno. "Hii gari iko ya uchoyo kabisa!" akasema, akaangua kicheko, akaendelea na safari yake. Nilikuwa nimengoja miaka kusikia maneno hayo.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Hata mtu wa njiani anajua. Halibebi kitu. Ukifika kwa mama yako utamwambia nini?"

Hapo kidogo furaha ikanywea. Kwa sababu ni kweli, nilikuwa nakaribia mlango wa mama, ambaye nilimsifia mzigo miaka yote, nikiwa na gari lisiloweza kubeba hata debe la unga. Niliingia uani taratibu, kuku wakaruka. Mama akatoka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Akalizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena. Ilibidi ainame kuona ndani.

"Hii inabeba nini?"

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu aliangalia miguu yake, ambayo bado ilikuwa juu ya kiti.

"Haibebi kitu, Mama," nikasema kwa aibu. "Watu wawili tu."

"Wawili tu?"

"Wawili."

Akaenda nyuma, akanifanya nifungue buti. Akanyoosha mikono, akapima upana wake kama anavyopima mkeka. "Godoro?"

"Haliingii."

"Kitanda?"

"Kitanda! Mama, hata kiti hakiingii."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi mmoja, na yeye alie njia nzima."

Akapapasa lile bati la rangi ya embe kwa kiganja. "Sasa wakisema watu wakimbie," akasema polepole, "mutu mwenye hii gari anafanya nini?"

Mume wangu akajibu kutoka ndani ya gari, kwa unyonge wa mtu ambaye ameshashindwa kila hoja. "Anaiacha, Mama. Mwenyewe aliificha bandani, akakimbia na baiskeli. Gari lenyewe halikwenda popote. Lilikaa hapa hapa Koboko mpaka watu wakarudi."

"Haikukimbia?"

"Haikukimbia."

Mama akacheka. Si kicheko kikubwa, alikitoa puani tu, akitikisa kichwa. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Nikadhani ameenda kuchemsha chai. Nikafunga buti, nikaketi kwenye boneti, roho imenyong'onyea.

Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la Idd na viatu. Mkononi alikuwa na chungu kidogo cheusi, kile alichotupikia tangu tukiwa wadogo. Akaenda moja kwa moja upande wa mume wangu, akagonga kioo. "Baba Watoto, toka. Mama anaenda kuwasha moto."

Sijapata kumwona mwanamume akitoka garini kwa haraka namna ile. Alimshika mama mkono, akamwinamisha, akamsaidia kuingiza goti bovu, akamfungia mlango kama anafunga sanduku la vyombo vya kioo. Wala hakuuliza yeye atarudi vipi. Alirudi kesho yake juu ya lori la tumbaku, mweusi kwa moshi, akaenda moja kwa moja jikoni kuchungulia moto. Na yule mzee wa Koboko alikaa na pikapu yangu mpaka niliporudi kumlipa. Kumbe hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa ameshaitumia kubebea mihogo.

"Bismillahi," mama akasema, nikaondoka. Mwanzoni niliendesha kama nimebeba mayai. Alikuwa amekumbatia chungu, macho mbele, midomo inacheza kwa dua. Tulipita Koboko, tukaingia barabara ya Arua. Jua lilikuwa limeshakausha njia, na mbele kulikuwa na mnyoosho mrefu usio na mtu.

"Kanyaga," mama akasema.

"Mama?"

"Umeziba masikio? Kanyaga!"

Nikakanyaga. Gari likachutama nyuma, likatusukuma. Mgongo wa mama ukazama kwenye lile gunia, kilemba kikamteremkia usoni, akatoa ukelele ambao sikujua anao. "Aiii! Iko inasindikiza!" akasema. "Ni kama baba yako alivyokuwa anasema. Iko inasindikiza!"

Nilipunguza mwendo kwa sababu sikuona njia vizuri. Akaanza kuongea, akitazama barabara, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi.

"Kile kitanda ndicho nililia. Tulikuwa tumeshuka, sisi wote wazima. Mimi nikasema, na kitanda yangu? Kitanda ya arusi imebaki. Akasema, nafasi iko, lori iko kubwa, ninaenda kuleta." Akakigeuza chungu mapajani. "Kama ilikuwa gari ya namna hii, ningemuambia arudie nini?"

Nilimpenda mama yangu wakati ule hata kifua kikauma. Niliondoa mkono kwenye gia nikaushika wake, naye akanipiga kofi dogo. "Shika gari," akasema.

Tulipofika Oli, mtaa mzima ulitoka. Watu walikuwa wakinijua na pikapu yenye mkaa, sasa naingia na kitu cha rangi ya embe na mama yangu ndani yake amekaa wima kama mke wa mkuu wa wilaya. Vigelegele vikapigwa. Jirani yangu alikuwa ameshakimbilia kuni, maana kila mtu Oli alijua habari ya jiko langu. Watoto wangu walifungua mlango wa mbele wa nyumba, wakafungua na mlango wa jiko, wakasimama pale wakingoja bibi yao apite.

Nikazima injini. Nikazunguka upande wake, nikamfungulia mlango, nikampa mkono. Mama aliitazama nyumba yangu kwa muda, matofali, mabati, madirisha, mlango ulio wazi. Alinipa chungu nikishike. Kisha akaunyanyua mguu wake wenye goti bovu, uliokuwa umeshakanyaga chini, akaurudisha ndani ya gari.

"Moto utangoja," akasema. "Zungusha tena."

Nikampa mwanangu chungu, nikazungusha.